Kupambaukiwa kwa Ghafla: Je, Ni Hoja?

Katika darasa yetu ya baada ya sala ya Isha lilizuka swali ambalo halikumalizika usiku ule wala usiku uliofuata. Mtu huhangaika na jambo siku nyingi, asione njia. Kisha, bila ya kutazamia, jambo lile humfunukia mara moja, na moyo wake ukatulia juu yake utulivu usiobakisha shaka. Hajui limetoka wapi, lakini ajua kwamba amejua. Je, utulivu ule wenyewe ni hoja? Yafaa mtu autegemee katika kuhukumu, na zaidi katika kumhukumu mwenziwe?

Wako waliosema yafaa, kwani nuru haihitaji taa nyingine ya kuionyesha. Wako waliosema hayo ni mawazo tu yapitayo kichwani, na mwenye akili hayajali. Sisi twaona kwamba kila upande umeshika jambo la kweli ukaliacha jingine. Na kwa kuwa katika miji yetu watu hupotewa na heshima zao, na nyumba huvunjika, kwa neno la mtu aliyesema "moyo wangu umenionyesha", tumeonelea si vibaya kuliandikia swali hili kwa urefu kidogo.

Hali yenyewe kila mmoja wetu aijua tangu utoto wake. Watoto wamekaa barazani, mmoja asema "Kitendawili!", wenziwe waitika "Tega!", naye atega. Wote wanyamaza, wanakunja nyuso, kisha mara moja mmoja aruka alipokuwa amekaa na uso wake umeng'ara, na jawabu limo mdomoni. Utamu ule hatujausahau sote. Lakini kuna jambo ambalo aghlabu twalisahau, nalo ni kuwa yule aliyeruka mara nyingi huambiwa "Siyo!" na wenziwe wakamcheka. Na uso wake ulivyong'ara kwa jawabu lililokosea ni vile vile ung'aravyo kwa jawabu lililo sawa. Mwenye kumtazama hawezi kupambanua, wala mwenyewe hawezi. Ndiyo maana wazee wetu waliutia mchezo ule sharti. Mwenye kutegua hajihukumii mwenyewe. Anayetega ndiye asemaye umepata au hukupata, na ukishindwa watoa mji.

Na tuyaache ya watoto twende kwa wakubwa. Katika habari alizozisimulia Ibn Sina juu ya maisha yake (alizaliwa karibu na Bukhara mwaka 370 wa Hijra, yaani 980, akafariki mwaka 428, yaani 1037), iko habari ya kitabu cha Aristotle juu ya elimu ya yaliyo nyuma ya maumbile. Asema alikisoma mara arobaini hata akakihifadhi, na juu ya hayo hakukifahamu wala hakujua mwenye kukitunga alikusudia nini. Akakata tamaa, akajiambia kwamba kitabu hiki hakina njia ya kufahamika. Siku moja wakati wa Alasiri alikuwa katika soko la wauza vitabu, dalali akamtolea kitabu kidogo. Ibn Sina akakirudisha kwa kuudhika, akiamini kwamba elimu ile haina faida. Dalali akamshikilia: kinunue, ni rahisi, nitakupa kwa dirhamu tatu, mwenyewe ana haja ya pesa. Akakinunua. Kumbe ni risala ya Al-Farabi juu ya makusudio ya kitabu kile kile. Akarudi nyumbani, akaisoma kwa haraka, na mara ile ile makusudio yote yakamfunukia, kwani kitabu chenyewe alikwisha kukihifadhi kwa moyo. Akafurahi, na siku ya pili yake akatoa sadaka nyingi kwa mafakiri kumshukuru Mwenyezi Mungu.

Tuitazame habari hii vizuri, kwani ina mengi. Risala ya Al-Farabi ni kurasa chache tu, wala haina siri kubwa ndani yake. Ilimwambia msomaji jambo moja ambalo wengi walilikosea. Walidhani kitabu kile chote kinamzungumza Mungu na mambo ya itikadi kama wanavyozungumza wanavyuoni wa ilmul-kalam, kisha wakistaajabu kuona hayo hayamo isipokuwa sehemu ndogo. Al-Farabi akaeleza kwamba kitabu chazungumza kuwako kwa vitu, kwa jinsi vilivyoko. Kwa hivyo kilichomzuia Ibn Sina mara zote arobaini hakikuwa upungufu wa akili wala upungufu wa maneno. Kilichomzuia ni kule kukiendea kitabu akiwa na dhana iliyokwisha kukaa kichwani, akitafuta humo kisichokuwamo. Dhana ilipoondoka, yale yale aliyoyahifadhi yakajipanga upya.

Jambo hili hili wataalamu wa elimu ya nafsi wa zama zetu wamelifanyia majaribio. Mjerumani aitwaye Karl Duncker, katika kitabu alichokitoa mwaka 1935, aeleza jinsi alivyowapa watu mishumaa midogo, misumari mifupi ya kubandikia karatasi, viberiti na visanduku vidogo, akawaambia waisimamishe mishumaa juu ya mlango. Njia ni kuvipigilia visanduku mlangoni kwa ile misumari, vikawa kama virafu, kisha mishumaa ikasimama juu yake. Waliopewa visanduku vitupu waliipata njia wote. Waliopewa visanduku vile vile vikiwa vimejazwa vitu, chini ya nusu yao ndio walioipata. Macho yalikuwa yakiviona visanduku, lakini akili ilikwisha kusema hivi ni vyombo vya kutilia vitu, basi vikawa kana kwamba havipo.

Hapa twapenda kusimama kidogo, kwa sababu wako ndugu zetu ambao kila wakisikia kuhifadhi hukasirika, wakasema vyuo vyetu vimewapotezea watoto miaka yao kwa kuhifadhi wasiyoyafahamu. Katika lawama hiyo mna haki nyingi, na sisi tumo miongoni mwa walaumuji. Lakini habari ya Ibn Sina yakata pande mbili. Kuhifadhi mara arobaini hakukumfahamisha. Hilo ni hoja juu ya mwalimu anayedhani kazi yake imekwisha mtoto anapomaliza kusoma kwa ghaibu. Walakini kama asingalihifadhi, kile kijitabu cha dirhamu tatu kisingalimfaa kitu. Ufunguo hauna kazi pasipo mlango. Mtu mwingine pale sokoni angaliweza kukinunua siku ile ile, akakisoma usiku ule ule, asifunukiwe na lolote.

Hata kwa wanyama mambo yako hivi. Katika miaka ya 1913 mpaka 1920 Mjerumani mwingine, Wolfgang Köhler, alikaa kisiwani Tenerife akichunguza akili za sokwe, akaandika kitabu juu yao mwaka 1917. Aliyekuwa hodari kuliko wote aliitwa Sultan (wasomaji wetu watatusamehe, jina si letu). Alitiwa ndani ya kizimba, ndizi zikawekwa nje, akapewa fimbo mbili ambazo hapana moja yazo iliyofika. Akajaribu zaidi ya saa nzima, akashindwa, akaacha. Kisha, akicheza na zile fimbo bila ya kuzijali ndizi, zikamkalia mkononi zikielekeana. Akaitia nyembamba ndani ya tundu ya ile nene, akaruka, akaenda mbio kuzivuta ndizi. Watu wengi huitaja habari hii kama kwamba ufahamu ulimshukia mnyama yule kutoka hewani, wakaisahau ile saa ya kushindwa. Na Mmarekani mmoja, Herbert Birch, alionyesha mwaka 1945 kwamba sokwe ambao hawakuzoea kuchezea fimbo, wakipewa fimbo ya kuvutia chakula, wengi hushindwa; lakini wakiachiwa fimbo siku tatu wakazichezea watakavyo, huweza. Basi kilicho cha ghafla ni kule kujipanga kwa mambo. Mambo yenyewe yalikuwa yakikusanyika zamani.

Lakini mtu aliyepambaukiwa hazioni siku zile za kukusanya. Yeye huiona ile dakika moja, na kwa kuwa hakujiona akienda, hudhani amechukuliwa. Hapa ndipo hatari inapoanza. Mwaka 1931 Norman Maier wa Marekani alining'iniza kamba mbili kutoka darini, zikiwa mbalimbali hata mtu aliyeshika moja hawezi kuifikia ya pili, akawataka watu wazifunge pamoja. Njia mojawapo ni kufunga kitu kizito, kama koleo, katika ncha ya kamba moja, ukaipigisha bembea, ukaenda kuishika ya pili na kuingoja ile ije. Watu waliposhindwa, Maier alikuwa akipita chumbani kama mwenye shughuli zake, akaigusa kamba kwa bega ikatikisika kidogo. Muda si muda wengi wakaipata njia. Alipowauliza wameipataje, walio wengi hawakuitaja kabisa ile kamba iliyotikisika mbele ya macho yao. Walisema imewajia tu. Mmoja alieleza kwa urefu jinsi alivyofikiri kuuvuka mto kwa kubembea, na jinsi alivyowaona akilini mwake kima wakibembea mitini. Wala hakuwa akisema uwongo, ndivyo alivyojiona. Basi ikiwa mtu hajui mawazo yake yametoka wapi hata pale yalipotoka kwenye bega la aliyepita karibu naye dakika moja nyuma, vipi atatuhakikishia kwamba jambo lililomjia juu ya jirani yake halikutoka katika uvumi alioupuuza wiki iliyopita, au katika husuda ya zamani asiyokiri kwamba anayo?

Haki yataka tuseme na ya upande wa pili, kwani hatuandiki haya kuwafurahisha wale wakavu wa moyo ambao kila kilichokuja upesi kwao ni upuuzi. Carola Salvi na wenziwe walionyesha mwaka 2016 kwamba, katika mafumbo waliyowapa watu, majawabu yaliyokuja ghafla yalikuwa sahihi mara nyingi zaidi kuliko yale yaliyofikiwa kwa hatua hatua. Basi nuru hii yastahiki kusikilizwa. Lakini tazama mafumbo yale yalivyo: jawabu lake ni moja, na kila kinachohitajiwa kulipata kimo mbele ya anayelitafuta. Jirani yako si fumbo la namna hiyo. Mengi ya kumjulia hukuyaona wala hutayaona.

Kisha liko jaribio jingine ambalo limetustaajabisha zaidi. Mwaka 2020 Ruben Laukkonen na wenziwe waliwapa watu habari za kusoma, na katika kila habari neno moja lilivurugwa herufi zake, ikambidi msomaji azipange. Baadhi ya habari zilikuwa za kweli na baadhi za uwongo. Waliopanga zile herufi wakaona ule mwangaza wa ghafla walielekea zaidi kuisadiki ile habari, ikiwa ni kweli au si kweli. Fikiri vizuri, ndugu msomaji: mwangaza ule ulikuwa ni wa kulipata neno, haukuhusu kabisa ukweli wa habari, lakini utamu ulimwagika ukaichovya habari nzima. Na kabla ya hapo, mwaka 1986, Janet Metcalfe alikwisha kuonyesha kwamba watu waliokuwa wakihisi wanalikaribia jawabu la fumbo kidogo kidogo, mara nyingi ndio waliotoa jawabu lililokosea. Yakini ya moyo, basi, ni kama harufu ya chakula, yaweza kutoka jikoni kwako na yaweza kutoka jikoni kwa jirani.

Mwenye adabu nzuri katika jambo hili, kwa maoni yetu, ni Mfaransa Henri Poincaré, bingwa wa hesabu, katika mambo aliyoyaeleza mwaka 1908. Alikuwa na mas'ala yaliyomchosha katika mji wa Caen, akasafiri, akayasahau. Walipofika Coutances wakapanda gari la abiria, na mguu wake ulipokanyaga kipandio tu, jawabu likamjia, wala hakuwa akilifikiri. Hakulihakikisha, kwani hakupata nafasi. Aliketi akaendelea na mazungumzo yake, na moyoni ana yakini kamili. Aliporudi Caen alikaa akalihakikisha, kwa ajili ya kuituliza dhamiri yake, kama asemavyo. Likawa sawa. Lakini mtu huyu ambaye nuru yake ilimsadikia, ndiye huyo huyo aliyeandika kwamba yakini ya namna hii mara nyingine humdanganya mtu, na kwamba yeye aliona hivyo hasa katika mawazo yaliyomjia kitandani, asubuhi au usiku, akiwa baina ya usingizi na macho. Wasomaji wetu wanaoamka alfajiri wakatoa hukumu na walipime hilo.

Tena Ibn Sina mwenyewe, aliyeonja utamu huu kuliko wengi, aliuwekea maana yenye mpaka. Kipawa cha kufahamu kwa haraka amekiita hads, akasema ni akili kukipata mara moja kile kiungo cha kati kinachofunganisha mwanzo wa hoja na mwisho wake, na kwamba watu wamezidiana sana katika kipawa hicho. Maana yake ni kwamba mwenye hads ya kweli hakuiruka hoja, ameifikia upesi. Kiungo anacho. Ukimwuliza "Kwa nini?", aweza kutulia akakionyesha, kama mtoto aliyetegua kitendawili sawasawa awezavyo kukuonyesha vipi kila neno limeoana na jawabu. Asiyeweza, akakasirika kwa kuulizwa, huyo twamwambia kwa heshima kwamba hatujui bado amepata nini.

Hapa mmoja katika darasa alituletea Imam Ghazali, na kwa hakika asingaliletwa huyu, mazungumzo yangalikuwa pungufu. Katika kitabu chake cha Al-Munqidh Imam asimulia jinsi shaka ilivyomshika karibu miezi miwili, hata akawa hana imani na macho yake wala na hukumu za akili yake, mpaka Mwenyezi Mungu akamponya; wala hakuponywa kwa kupanga dalili na kuunganisha maneno, bali kwa nuru iliyotiwa kifuani mwake. Na aseme mtu, alisema ndugu yetu, kama Ghazali amepokea bila dalili, sisi ni nani?

Jawabu letu ni kuuliza: nuru ile ilimrudishia nini? Asema mwenyewe kwamba ilimrudishia amana yake katika mambo ya lazima ya akili, yale ya mwanzo yasiyotafutiwa dalili, ambayo bila yayo hapana dalili yoyote inayoweza kusimama. Haikumpa habari ya jirani. Haikumwambia fulani ni mwizi na fulani ni mchawi. Wala haikumwondolea kazi, kwani baada yake aliyashika makundi manne ya watafutao haki akaanza kuyachunguza moja moja. Falsafa peke yake aliisoma kwa nafsi yake, katika nafasi alizozipata baina ya kusomesha wanafunzi mia tatu mjini Baghdad, kwa muda usiotimia miaka miwili, akakaa karibu mwaka mwingine akiyarejea aliyoyasoma. Mtu aliyepewa nuru ile ndiye aliyejitaabisha hivi. Na wanavyuoni wengi wa elimu ya usuli wamesema kwamba ilhamu imjiayo mtu si hoja ya kuwalazimisha wengine.

Na tulete mfano ulio karibu, ambao hauko mbali na yatokeayo mitaani. Bibi amepotewa na pete yake ya dhahabu. Ametafuta siku tatu. Usiku wa nne ashituka usingizini, na jambo lote limempambaukia: ni yule binti afuaye nguo, kwani siku ile alichelewa kuondoka, na kesho yake hakumtazama usoni. Kila kitu kimejipanga. Asubuhi amwambia dada yake, na kabla ya Adhuhuri mtaa mzima wajua. Binti yule hana tena nyumba ya kumpa kazi, wala hajui ameshitakiwa kwa lipi, kwa sababu hapana aliyemshitaki, ameonekana tu. Sheria yetu imemtaka mwenye kudai alete ushahidi, na anayekana ale kiapo. Nayo haikuweka fungu la tatu la aliyeamka usiku. Twasema pia kwamba bibi yule hakusema uwongo. Alichelewa kweli binti, na hakumtazama kweli. Lakini kisanduku kilikwisha kujazwa kabla hajalala, na mtu afuaye nguo za watu ni mwepesi wa kujazwa dhana kuliko mwana wa nyumba. Hilo ndilo linalotuuma.

Lililobaki ni ya moyoni. Mmoja wetu aliuliza: na asiyesema, akaliweka jambo kifuani, ana dhambi? Imam Ghazali katika Ihya ameihesabu dhana mbaya kuwa ni kusengenya kwa moyo. Lakini amepambanua: wazo lipitalo limesamehewa, na linaloharamishwa ni moyo kulifunga na kulielemea. Alama ya kulifunga, asema, ni kuwa moyo hubadilika juu ya mtu yule, ukamwona mzito, ukalegea katika kumjali na kumheshimu. Na dawa aliyoitaja ni kuzidi kumchunga mtu yule na kumwombea heri. Akaulizwa msomeshaji wetu: basi bibi asifunge kabati lake? Akasema alifunge, kufunga kabati si kumtuhumu mtu, ila alifunge kwa wote waingiao, na wanawe wakiwamo.